Waya wa Umeme Unapopiga Kelele Redioni

Ndugu msomaji, je, umepata kusikiliza redio usiku katika masafa mafupi? Unazungusha kitufe polepole, na mara unaisikia sauti ya mtu aliye mbali sana, inapanda na kushuka kama mashua juu ya mawimbi. Sasa fikiri kwamba jirani yako anawasha kitu nyumbani mwake, na papo hapo redio yako inanguruma tu. Jirani hakukuibia kitu, wala hakuigusa redio yako. Lakini ile sauti ya mbali imepotea. Utamwambia nini?

Swali hilo liliwashughulisha sana watu wa Marekani baada ya mwaka 2000. Kisa chao kina mafunzo kwetu pia.

WATU WA REDIO YA RIDHAA

Yafaa kwanza tuwajue wenyewe. Katika nchi nyingi wako watu waliopewa leseni na serikali ya kuzungumza wao kwa wao kwa redio, bila malipo, kwa kupenda tu. Hii huitwa redio ya ridhaa. Chombo cha wati 100, nguvu ya balbu moja ya zamani, chaweza kupeleka sauti hata ng'ambo ya bahari. Maana mawimbi mafupi hupanda angani, hurudishwa na tabaka la juu lenye chembe za umeme, kisha hushuka nchi za mbali.

Usidhani kwamba ni mchezo tu. Tsunami ilipopiga tarehe 26 Desemba 2004, watu wa redio ya ridhaa kutoka India walikuwako Port Blair, katika visiwa vya Andaman. Simu zilipokatika, wao walipeleka habari za walio hai kwa jamaa zao. Kadhalika Agosti 2005, kimbunga Katrina kilipoharibu pwani ya kusini ya Marekani, wenzao walipitisha salamu na maombi ya msaada.

WAYA USIO NA KOTI

Basi, wakati huohuo lilitokea wazo lililowapendeza wengi. Waya wa umeme umekwisha kufika karibu kila nyumba. Kwa nini intaneti isipite humohumo? Hata mkulima wa mbali angeipata bila kuchimbiwa mtaro mpya. Rais George W. Bush alilisifu wazo hilo mwaka 2004, na mwezi wa Oktoba mwaka huohuo tume ya serikali inayosimamia mawasiliano ikatoa kanuni za kuliruhusu. Nia ilikuwa njema, tusiidharau.

Shida ilikuwa katika waya wenyewe. Waya wa simu husokotwa wawili wawili, na waya wa televisheni huvishwa koti la madini, ili habari zisivuje. Lakini waya wa umeme ulio juu ya nguzo hauna koti la namna hiyo. Ukipitisha ndani yake mawimbi ya intaneti, wenyewe hugeuka kuwa eriali ndefu na kuyamwaga hewani. Ni kama kupeleka maji katika bomba lenye matundu: shamba lako litapata maji, lakini ua wa jirani utakuwa tope. Na mawimbi hayo yalitumia sehemu ileile ya masafa mafupi, ile ya megahezi 3 hadi 30.

Watu wa ridhaa walilalamika. Wengine waliwajibu kwamba kelele ni ndogo. Lakini, msomaji, mnong'ono wa mtu aliye sikioni pako hushinda sauti ya mtu anayekuita kutoka kilima cha pili.

MBELE YA MAHAKIMU

Chama chao cha taifa, ARRL, kiliipeleka tume mahakamani. Ugomvi mmoja ulihusu kipimo: kelele hupungua kiasi gani ukienda mbali na waya? Kwa hesabu ya tume, ukiongeza umbali mara 10, nguvu ya kelele hupungua mara 100. Chama kilisema upungufu ulio karibu na kweli ni mara 10. Tofauti hiyo yatosha kumfanya mtu aitwe mwenye kelele au asiye na kelele.

Ugomvi wa pili ulikuwa mzito zaidi. Tume ilikuwa na taarifa za wataalamu wake yenyewe, lakini ilipozitoa, baadhi ya sehemu zilifichwa. Aprili 2008 mahakama ya rufani ya Washington iliamuru kwamba taarifa zitolewe kamili, na kwamba tume ieleze sababu za hesabu yake. Hata hivyo, mwaka 2011 tume ilishikilia sehemu kubwa ya kanuni zake.

Lakini biashara yenyewe ilikuwa imekwisha kudhoofika. Mji wa Manassas, Virginia, uliosifiwa kwa kuwa wa mbele katika kazi hiyo, uliifunga huduma mwaka 2010, kwa kuwa haikulipa.

NA WEWE NYUMBANI

Usiseme, "Hayo ni ya Wamarekani." Chaja duni za simu, taa za LED za bei rahisi, na mitambo mingine ya umeme wa jua huleta kelele ya namna hiyohiyo. Ukitaka kujua, chukua redio ya betri, kisha zima vyombo vya nyumbani kimoja kimoja. Kelele ikikoma, umempata mkosaji. Zima hata swichi kuu; kelele ikibaki, inatoka nje. Yaweza kuwa kwa jirani, au kikombe kibovu cha nguzo. Usipande nguzo kamwe! Lipashe habari shirika la umeme.

Na kama mkosaji ni chombo cha jirani, nenda na redio yako, akaisikie kelele kwa masikio yake mwenyewe. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Naye asiyesikiliza redio hajui amemnyima mwenzake nini. Hewa haina ua wala mwenye hati. Kwa hiyo anayetaka kuitumia kwa faida yake, kwanza akubali kupimwa mbele ya watu wote.