Je, Wajua? Drafti ya 1974 haijapata mfano

Je, wajua kwamba katika NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, timu huchagua chipukizi wa vyuoni kwa zamu, na iliyovurunda zaidi msimu uliopita ndiyo hutangulia? Utaratibu huo, drafti, ulianza mwaka 1936.

Timu ya Pittsburgh Steelers imeonja shubiri na asali yake. Mwaka 1955 walimchagua Johnny Unitas katika raundi ya 9, wakamtema kabla msimu haujaanza. Akaenda kung'ara Baltimore Colts.

Mwaka 1974 mambo yaligeuka. Ndani ya raundi 5 waliwapata Lynn Swann, Jack Lambert, John Stallworth na Mike Webster. Wote wanne waliingia katika Jumba la Magwiji wa futiboli hiyo, na hakuna timu nyingine iliyovuna hivyo kwa drafti moja. Kuanzia msimu huo, Steelers walitwaa Super Bowl, fainali ya ligi, mara 4 katika misimu 6.

Siri moja ilikuwa Bill Nunn, mwandishi wa habari aliyegeuka msaka vipaji. Alivijua vizuri vyuo vya Wamarekani weusi, vilivyopuuzwa na wengi; Stallworth alitoka Alabama A&M.

Lakini kulinganisha enzi kunahitaji tahadhari. Mwaka 1974 drafti ilikuwa na raundi 17. Tangu 1994 ni 7 tu. Tena tangu 1993 wachezaji wana uhuru mkubwa zaidi wa kuhama mikataba inapokwisha. Kipimo cha haki ni kuuliza: wapinzani walipata nini mwaka uleule?