Msaidizi anakupigia simu kwa kila kitu? Mpe kikomo



Umeajiri kijana akusaidie kujibu wateja na kupaki mizigo ili na wewe upumue. Sasa uko msibani, simu inaita: "Dada, mteja anaomba apunguziwe elfu mbili, nimjibuje?" Dakika kumi tena: "Dada, boda anataka elfu sita hadi Mbagala, nimpe?" Ukichelewa kupokea, mteja kashanunua kwa mwingine. Unaanza kusema vijana wa siku hizi hawajiongezi.

Mara nyingi si kweli. Hajiongezi kwa sababu hajui akijiongeza akakosea itakuwaje.

Hoteli za Ritz-Carlton zinajulikana kwa utaratibu mmoja: mfanyakazi anaruhusiwa kutumia hadi dola 2,000 kumaliza tatizo la mgeni bila kumuuliza meneja. Kwa wengi wetu huo ni mtaji wote na zaidi, lakini wazo tunaweza kulichukua. Mwambie msaidizi wako kwa namba: "Punguzo mpaka 2,000 kwa gauni, amua mwenyewe. Boda ikizidi 5,000, niulize. Tukikosea saizi sisi, mbadilishie mteja siku hiyohiyo, nauli juu yetu." Piga hesabu kwanza. Kama gauni linakuachia faida ya 6,000, hiyo 2,000 ni theluthi yake, je, unaimudu? Kisha andika kwenye karatasi, bandika pale mnapopakia mizigo. Ya mdomo yanasahaulika, na siku ukiwa na hasira wewe mwenyewe utayakana.

Sehemu ngumu ni siku atakapokosea. Msichana wangu aliwahi kutuma mtandio mweusi badala ya bluu. Nikamsema kwenye grupu la WhatsApp, mbele ya boda wetu. Nikajiona bosi kweli. Makosa yakaisha, au ndivyo nilivyodhani, maana simu ya duka alikuwa nayo yeye. Wiki kadhaa baadaye nikagundua anafuta meseji za wateja wanaolalamika. Wateja watatu wa siku zote walishaondoka na sina habari. Siku hizi namwita pembeni na kuuliza kwanza, "Ilikuwaje?" Na mara nyingine kosa ni langu, nimeandika oda harakaharaka, rangi haisomeki.

Kwenye WhatsApp Business unaweza kuunganisha namba ya duka na vifaa vingine hadi vinne. Yeye anajibu kwa simu yake, na wewe unaona. Ila usichungulie kila dakika tano! Jioni mpitie pamoja oda za siku, robo saa inatosha. Ukikuta katoa punguzo la 2,000 ambalo wewe usingetoa, lipo ndani ya kikomo mlichokubaliana, liache lilivyo.