Kodi ya Chumba Gudele
Tuseme askari amejenga chumba cha kupangisha huko Gudele, magharibi mwa Juba, kwa kodi ya paundi 300 kwa mwezi. Hadi Desemba 2015 fedha hizo, kwa bei ya serikali, zilikuwa dola 100 hivi. Serikali ilipoiachia paundi ifuate soko, dola moja ikafikia paundi 18 na ushei. Kodi ile ile ikawa dola 16. Soko la magendo, kwa kweli, lilikwisha kusema hivyo mapema. Saruji iingiayo kwa njia ya Nimule haikumngoja. Wenye nyumba wengi wakadai dola. Lakini mpangaji, pengine askari mwenzake, hulipwa kwa paundi, tena kwa kuchelewa. Twashauri, ndugu wapiganaji, mkataba uandikwe, na miezi ya kuitazama kodi upya itajwe humo kabla ya ufunguo kutolewa.