Hakuna Namba ya Kuzuia Kontua za Uongo

"Niweke urefu gani wa juu wa upande wa pembetatu?" Vijana wa upimaji huniuliza hivyo kila wanapoleta ramani yenye mistari ya kontua mahali ambapo hakuna aliyekanyaga. Wanataka namba. Mita 30? Mita 50? Nikiwajibu kwamba hakuna namba, wanadhani nawaficha siri ya kazi. Basi naiandika hadharani: namba hiyo haipo, na kuitafuta ndiko kunakoharibu hesabu za watu.

Programu za kuchora sura ya ardhi huunganisha pointi zenye kimo kwa pembetatu. Nyingi hufuata kanuni aliyoichapisha Boris Delaunay mwaka 1934: duara linalopita kwenye ncha tatu za pembetatu lisiwe na pointi nyingine ndani yake. Ni kanuni nzuri, ila haijui wewe uliishia wapi kupima. Ukiiacha peke yake itajaza kila pengo, hadi pointi za nje kabisa ziwe zimezungushiwa mstari usioingia ndani popote. Chukua njia ya bomba, kwa mfano ile ya mradi wa Mugango–Kiabakari–Butiama unaoleta maji ya Ziwa Victoria. Upimaji wa njia ya bomba ni ukanda mwembamba unaopinda. Penye kona, programu itaunga upande huu na ule, na mashamba yaliyo katikati, ambayo hayakupimwa kabisa, yatapata kontua safi zenye vimo vyake. Mhandisi akiziona atazitumia, maana kontua ya uongo inachorwa kwa wino uleule wa ile ya kweli.

Hapo ndipo inapoletwa ile dawa: weka kikomo, pembetatu yenye upande mrefu kuliko kikomo ifutwe. Kwenye ile kona ya bomba itafuta nyingi, na kijana ataondoka akiamini amepona. Sasa aje nayo Kiabakari.

Kiabakari, wilayani Butiama, ni mahali pa mgodi wa dhahabu wa zamani, uliochimbwa tangu enzi za mkoloni hadi miaka ya 1960. Katika maeneo ya dhahabu kama haya, marudio ni mali. Huo ni udongo uliokwisha kusagwa na kuchenjuliwa, ila bado una dhahabu kidogo, na mtu huuza au kununua rundo zima kwa ujazo ulioandikwa na mpimaji. Tuseme juu ya rundo pointi zimepimwa kila baada ya mita 20, kwa mraba. Ulalo wa mraba huo ni mita 28.3, kwa hiyo kijana anaweka kikomo cha mita 30 na kutulia. Ubavuni mwa rundo, mvua imekata korongo lenye upana wa mita 12, likaingia ndani mita 15. Mpimaji amepita kwenye midomo ya korongo, pande zote mbili, kila baada ya mita 5. Chini hakushuka.

Angalia programu inachofanya. Inaunga mdomo na mdomo: mita 12. Inaunga kwa mshazari: mita 13. Zote ziko chini ya 30, kwa hiyo hakuna hata moja inayofutwa. Korongo limefunikwa. Eneo lake ni mita za mraba 180, na kama kina chake cha wastani ni mita 2, umeongeza mita za ujazo 360 za hewa. Kwa tani 1.5 kwa kila mita ya ujazo, hizo ni tani 540, yaani safari 54 za lori la tani 10. Mnunuzi analipia marudio ambayo hayapo.

"Basi nishushe kikomo kiwe mita 10." Ukishusha, korongo litafunguka, na rundo lote litatoweka pamoja nalo, maana pointi za juu zimeachana kwa mita 20. Ukipandisha kiwe 30 tena, penye jabali lililozuia pointi moja patabaki tundu katikati ya rundo, na majabali ni sehemu ya ardhi ya Butiama. Kikomo kinapima urefu tu. Hakijui kama kati ya pointi mbili kuna udongo au hewa. Anayejua ni aliyekuwepo na fimbo ya prizma mkononi, na asipoliandika jambo hilo kwenye data, hakuna kitufe kitakachoandika kwa niaba yake.

Wengine hukimbilia bikoni za kiwanja au za leseni, wakazifanya ndizo mpaka wa sura ya ardhi. Bikoni zinasema ardhi ni ya nani. Hazisemi ulipima wapi. Na mstari wa bikoni ukiingizwa na kimo cha sifuri kama mstari wa kimo, sura yote itaporomoka pembeni hadi usawa wa bahari, katika eneo ambalo hata uso wa Ziwa Victoria uko zaidi ya mita 1,130 juu yake.

La kufanya ni hili. Pima kitako cha rundo na ukingo wake wa juu, kila kimoja kwa alama yake, na uingie kwenye kila korongo. Ofisini, chora mstari uliofungwa ukifuata pointi za kitako, na huo ndio mpaka wa nje. Katika programu ya Civil 3D uongeze ukiwa mpaka wa aina ya Outer, washa chaguo la kukata pembetatu kwenye mstari wenyewe ili ukingo usibaki na meno, halafu uweke mwisho, baada ya data yote, kwa sababu pointi zitakazoongezwa baadaye zinaweza kuvuka nje yake. Dimbwi au jengo lililo ndani lipewe mpaka wa aina ya Hide. Katika Surfer, tengeneza faili la bln lenye alama 0, likate kilicho nje. Katika QGIS, kata rasta kwa poligoni uliyoichora mwenyewe. Mpaka unaozalishwa na programu, hata ule unaoruhusiwa kuingia ndani, ni rasimu ya kusahihisha kwa mkono.

Nawe unayeuza au kununua marudio, kabla ya kutia saini omba uoneshwe mchoro wenye pointi zote na mstari wa mpaka juu yake, kisha uzunguke rundo ukiwa nao mkononi. Ukikuta korongo ambalo mstari umelivuka bila kuingia, usilipe. Upimaji urudiwe.