SANDA YA MAWARIDI

Kikuba huishi usiku mmoja tu. Hilo kila mtu wa pwani analijua. Jioni wanawake huketi uani na sinia ya asmini, mrehani na mawaridi, wakatunga na kufunga kwa uzi mpaka nyumba nzima ikanukia. Kukipambazuka maua yamenyauka, yamegeuka rangi ya kahawia, na kikuba kinatupwa. Wala hakuna anayelalamika kwamba kazi ya jana imekwenda bure.

Niliyakumbuka hayo hivi karibuni, binti wa ndugu yangu alipokuja likizo. Yeye anasomea sanaa katika chuo kikuu, na safari hii alikuja na kitabu kikubwa cha picha. Baada ya kuamkiana, alinifunulia ukurasa mmoja akaniuliza:

"Ami, waona nini hapa?"

Nikamwambia naona shuka jekundu la kiza, limetandazwa sakafuni, lina mikunjo kama shuka la mtu aliyeamka sasa hivi.

"Vaa miwani, Ami."

Nikavaa. Kumbe halikuwa shuka la kitambaa. Yalikuwa maua ya waridi, yale majani yake mekundu laini, maelfu kwa maelfu, yaliyoshonwa kwa mkono moja baada ya jingine, kama tabibu anavyoshona kidonda.

Aliyeitengeneza kazi hiyo ni Doris Salcedo, mwanamke aliyezaliwa mjini Bogotá, Kolombia, mwaka 1958. Aliipa jina la Kihispania, "A Flor de Piel", msemo wa kumwelezea mtu ambaye uchungu wake uko juu juu ya ngozi, ukimgusa kidogo tu unabubujika. Waridi hizo zilitiwa dawa zisikauke zikavunjika. Hata hivyo hazikuponyoka kabisa mkono wa wakati: rangi yake inaendelea kugeuka polepole.

Na kwa nini shuka la maua? Hapo ndipo hadithi yenyewe ilipo. Kolombia ilikuwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe kwa zaidi ya miaka hamsini. Tume ya ukweli ya nchi hiyo ilieleza mwaka 2022 kwamba watu zaidi ya 120,000 walitoweshwa kati ya mwaka 1985 na 2016. Mmoja katika waliopotea vitani alikuwa mwuguzi wa kike. Alitekwa nyara, akateswa mpaka akafa, na maiti yake haikupatikana. Basi Salcedo akamshonea sanda.

Msomaji, sisi tunajua uzito wa neno hilo. Kwetu maiti ana haki zake: huoshwa, huvikwa sanda, vipande vitatu kwa mwanamume na vitano kwa mwanamke, huswaliwa, huzikwa. Haki hizo huwatuliza hata waliobaki. Lakini asipokuwepo wa kuoshwa, mikono ya jamaa ifanye nini?

Nilipofika hapo nilikifunga kitabu kwa muda, kwa sababu nilimkumbuka mama yangu mdogo.

Mumewe alikuwa baharia wa jahazi. Mwaka 1971, mimi nikiwa mtoto wa miaka tisa, jahazi lao lilipakia boriti, likangoja kusi, likatweka tanga kuelekea Ghuba. Halikuonekana tena. Halikurudi hata kipande cha ubao. Wakati huo mama mdogo alikuwa akimshonea mumewe kofia ya vito, ile kazi ya sindano inayomla mtu miezi, tundu moja moja. Alikuwa amefika nusu. Hakukaa eda, kwani hapakuwa na habari ya kifo; wala hakuwa mke mwenye mume, kwani mume hakuwepo. Kila jahazi lililotia nanga, alimtuma mtoto bandarini kuuliza. Mara nyingi mtoto huyo alikuwa mimi.

Siku moja, kwa utoto wangu, nilimwuliza mbona haimalizi ile kofia. Akaniambia, "Nikiimaliza nitamvika nani?"

Nilipomsimulia binti wa ndugu yangu haya, alinyamaza, kisha akanifunulia ukurasa mwingine. Hapo palikuwa na viatu. Salcedo alizungumza na jamaa za waliopotea, nao wakampa viatu vya wapenzi wao, vingi vikiwa vya wanawake. Kuanzia mwaka 1992 alivitia katika vishimo ukutani, kila kishimo akakiziba kwa ngozi nyembamba ya kibofu cha ng'ombe, akaishona kwa uzi wa hospitali. Ukitazama unaviona viatu kama kwa nyuma ya ukungu. Huwezi kusema mwenyewe yupo, wala huwezi kusema hayupo. Nikasema moyoni: hiyo ndiyo kofia yetu.

Ukurasa wa mwisho alionionyesha ulikuwa wa kazi iliyowekwa Madrid, Hispania, mwaka 2017. Sakafu nzima ilitengenezwa ili matone ya maji yachomoze juu ya mawe, yakusanyike, yawe herufi, na herufi ziwe jina la mtu. Jina linasomeka kitambo, kisha maji yanazama, linapotea, halafu linarudi tena. Majina hayo ni ya watu waliokufa maji wakijaribu kuvuka kwenda Ulaya. Kwa sisi wana wa bahari, hakuna haja ya kufasiriwa picha hiyo.

Jioni nilikichukua kitabu nikaenda nacho barazani. Mzee mmoja alitazama zile waridi akatikisa kichwa. "Maua ya nini? Maiti ahitaji dua." Sikumpinga, maana amesema kweli. Mume wa mama mdogo mwishowe aliswaliwa swala ya ghaibu, kama Mtume (S.A.W.) alivyomswalia Najashi wa Habasha naye yuko mbali. Baada ya swala hiyo ndipo tulipomwona mama mdogo akilia kwa mara ya kwanza, na ndipo alipokaa eda yake.

Lakini dua ni ya aliyekwenda. Hizi kazi za Salcedo, kwa nionavyo mimi, ni za tuliobaki. Serikali zikitaka kukumbuka husimamisha sanamu ya chuma au nguzo ya mawe, kisha watu wakapita mbele yake miaka nenda miaka rudi bila kugeuza shingo. Jiwe halimwombi mtu chochote. Ua linaomba. Lisipotunzwa linakufa, na anayelitunza hana budi kumkumbuka yule aliyetungiwa. Jamaa nao ni hivyo hivyo. Udugu haukujengwa kwa jiwe. Umetungwa kama kikuba, kwa mikono na uzi, na kila siku unataka kutungwa upya.

Mama mdogo alifariki mwaka 2003. Tulipofungua kasha lake tuliikuta ile kofia imekunjwa ndani ya leso, sindano ingali imechomekwa pale alipokomea. Sindano ilikuwa imeshika kutu, na kutu imeacha doa dogo kwenye kitambaa. Sasa ninayo mimi. Kila Idi tunaitoa, tunaianika kivulini, tunaifukiza udi, tunawasimulia watoto ni ya nani na nani aliyeishona, kisha tunairudisha. Kitambaa kimeanza kuchakaa. Binti wa ndugu yangu aliniuliza kama nitakubali aipeleke mjini ikawekwe ndani ya kioo ili idumu.

Nilimwambia hapana. Nikampa aishike, nikamwonyesha namna ya kuikunja bila kuigusa ile sindano. Siku nitakapoondoka mimi, kazi hiyo itakuwa yake.