Nunua Kiatu cha Mguu wa Leo

Katika mitaa yetu ya wafanyakazi wa migodi, jamaa nyingi zina mtoto, dada ao shemeji aliyekwenda kukaa Kanada. Habari zao zinatufikia kwa telefone, na picha zinafika pamoja na habari. Labda umekwisha kuona picha ya namna hii: mjukuu wako amesimama juu ya barafu, kaske kichwani, wavu wa chuma mbele ya uso, fimbo ndefu mkononi, mabega yamejaa kama ya askari wa zamani. Babu anatazama na kuuliza: «Huyu anakwenda vita gani?»

Hapana, si vita. Ni mchezo wa hoki. Huko ni kama mpira wa miguu kwetu. Mtoto wa jirani anacheza, mtoto wa shule anacheza, na watoto wetu pia wanataka kucheza. Sasa wazazi wanapaswa kununua vitu ambavyo wao wenyewe hawakuvivaa hata siku moja. Ndiyo sababu ya makala hii.

Mama mmoja aliyekuwa akiimba katika korali yetu anakaa sasa Winnipeg. Alinipigia telefone na kunielezea jambo lililomtokea.

«Pasta, mutoto alinilomba viatu vya patini. Miye nikamununulia vya namba mbili juu, kusudi avivae myaka mbili. Shi ni vile tunafanyaka kwetu?»

Ndiyo, ni vile tunafanya. Nani kati yetu hakuenda shuleni na viatu vyenye karatasi mbele ya vidole? Tunasema: «Acha, atakomea.» Lakini mtoto yule wa miaka nane alipopanda juu ya barafu, alianguka. Siku ya pili akaanguka tena. Vifundo vya miguu vililala upande wa ndani, magoti yakagongana, na wenzake wadogo kuliko yeye wakampita. Mama alizani ni woga, akamkaripia. Kisha majuma matatu mtoto akamwambia: «Mama, tuache. Watu weusi hawawezi barafu.»

Siku ile antrenere alimketisha mtoto kwenye benchi, akapiga magoti mbele yake, akaingiza vidole viwili nyuma ya kisigino ndani ya kiatu. Vidole vikaingia bila shida. Akamwambia mama: «Mtoto hana kosa. Kosa ni la kiatu.»

Niliuliza yule mama maulizo mengi, na mume wake vilevile. Baba huyo alikuwa fundi wa mashine katika atelye huku kwetu. Huko amejifunza kazi ya kunoa viatu vya patini. Haya ndiyo mashauri yao, kusudi mama mwingine asimkaripie mtoto wake bure.

MCHEZO WENYEWE

Hoki ya barafu inachezwa na watu sita kila upande, pamoja na mlinzi wa goli. Uwanja mkubwa wa Amerika ya Kaskazini una urefu wa metre 61 hivi na upana wa metre 26. Hawapigi mpira, wanapiga paki: kipande duara cha kauchu ngumu, chenye upana wa sentimetre 7,6 na uzito wa grama 170 hivi. Mchezo wa kwanza uliopangwa ndani ya nyumba ulichezwa Montréal, tarehe 3 Machi 1875. Tena usifikiri ni jambo la wazungu tu. Nairobi kulifunguliwa uwanja mdogo wa barafu ndani ya hoteli mwaka wa 2005, na vijana wa Kenya wakaunda timu yao, Ice Lions. Mwaka wa 2018 walialikwa Kanada, wakacheza huko wakiwa na vyombo kamili.

KUCHAGUA KIATU

Kiatu cha hoki ni kigumu, na chini yake kuna chuma chembamba chenye unene wa milimetre 3 hivi. Mwili wote unasimama juu ya chuma kile. Kama mguu unatembea ndani ya kiatu, chuma hakisikii amri ya mguu. Mtoto anageuka, kiatu kinabaki. Ndipo anaanguka.

Usinunue kwa kutazama namba ya kiatu cha shule. Mara nyingi namba ya kiatu cha hoki inakuwa chini ya ile ya kiatu cha kutembea, kwa namba moja ao moja na nusu kwa hesabu ya Kanada. Tena kila kampani inapima kwa namna yake. Basi mtoto mwenyewe aende dukani, akiwa na sosheti za kuchezea. Ziwe nyembamba, pea moja tu. Sosheti mbili nzito hazileti joto. Zinabana damu, na miguu inazidi kupata baridi.

Fanya majaribu haya:

1. Legeza kamba zote. Mtoto aingize mguu na kuusukuma mpaka vidole viguse mbele. Sasa ingiza kidole chako nyuma ya kisigino. Kwa mtoto anayekomea, kidole kimoja kinatosha. Vidole viwili vikiingia, rudisha kiatu kwa mwenye duka.

2. Agonge kisigino chini ili mguu urudi nyuma, kisha ufunge kamba. Akisimama wima, vidole viguse mbele kidogo tu. Akikunja magoti kama mchezaji, vidole virudi nyuma na kuacha kugusa. Vidole vikijikunja, kiatu ni kidogo.

3. Asimame na kuinua kisigino. Kikipanda ndani ya kiatu, hata kidogo, kiatu ni kikubwa ao ni kipana sana.

4. Mwache akae navyo dakika kumi ao kumi na tano. Auliziwe: wapi panauma? Kiatu kipya kinakaza pande zote; hilo si ubaya. Lakini mahali pamoja panapochoma kama msumari, hapo pana shida. Maduka mengi yana tanuru ndogo ya kupasha viatu moto ili vifuate umbo la mguu. Kazi hiyo uwaachie wenyewe, kwa maana si kila kiatu kinavumilia moto.

Kwa kufunga kamba, baba yule anasema hivi: kwenye vidole, kaza kiasi, katikati ya mguu na kwenye kifundo, kaza sana, juu kabisa, acha nafasi goti lipate kukunjika. Usizungushe kamba kwenye kifundo. Inaumiza mshipa wa nyuma, na haisaidii kitu.

KUNOA NA KUKAUSHA

Wenye kufanya kazi katika atelye watafahamu upesi. Chuma cha patini hakinolewi kama kisu. Jiwe linalozunguka linachimba mfereji mdogo katikati, kutoka mbele mpaka nyuma. Hivi kunabaki makali mawili, la ndani na la nje. Mfereji ukiwa wa kina, makali yanashika barafu sana, lakini mchezaji anachoka upesi. Ukiwa wa juujuu, anateleza vizuri, lakini kusimama na kugeuka kunakuwa magumu. Fundi akuulize uzito wa mtoto na kama anaanza tu. Asipouliza, mwambie.

Kiatu kipya pia kinolewe mbele ya siku ya kwanza. Wazazi wengi hawajui jambo hili. Mtoto anaanza na chuma kisicho na makali, tena anaanguka, tena anachekwa. Kisha hapo, watu wengi wananoa kisha saa kumi mpaka makumi mawili za mchezo. Anayechezea nje atanoa mara nyingi zaidi, sababu barafu ya nje ina muchanga.

Mtoto asitembee na chuma juu ya simenti, hata hatua tatu. Kuna vifuniko vya plastiki vya kutembelea. Lakini mchezo ukiisha, afute chuma kwa kitambaa mpaka kikauke, kisha avae vifuniko vya kitambaa kwa safari ya kurudi. Vile vya plastiki vinafunga maji ndani, na kesho yake utakuta kutu. Nyumbani, toa soli ya ndani, fungua kiatu, kipate hewa. Usikiweke karibu na moto wala mashine ya joto; kinapasuka. Glavu na vikinga vyote vitolewe katika mfuko usiku uleule, visije vikaoza na kunuka.

KICHWA, USO NA SHINGO

Hapa, ndugu msomaji, usisome upesi. Kiatu kibaya kinaleta haya na machozi. Lakini kichwa, jicho na shingo haviuzwi dukani.

Tarehe 13 Januari 1968, huko Minnesota, mchezaji Bill Masterton aliangushwa na kichwa chake kikagonga barafu. Hakuvaa kaske; wakati ule karibu wote hawakuvaa. Alikufa siku mbili baadaye. Hata hivyo, ni mwaka wa 1979 tu ligi kubwa ya NHL ilipoamuru kila mchezaji mpya avae kaske. Walizani kaske ni ya waoga. Wazee wetu wa mgodini waliwahi kusikia neno lilelile, na wanajua lilikomea wapi.

Mlinzi wa goli Jacques Plante, wa Montréal, alipigwa na paki usoni huko New York tarehe 1 Novemba 1959. Wakamshona. Akakataa kurudi uwanjani bila kifuniko cha uso. Kiongozi wa timu hakupenda, lakini hakuwa na mlinzi mwingine tayari. Plante akarudi na kifuniko chake, na timu yake ikashinda.

Na kwa mtoto anayesema «watu weusi hawawezi barafu», mwambie jina la Willie O'Ree, mtu mweusi wa Fredericton, Kanada. Tarehe 18 Januari 1958 alikuwa mtu mweusi wa kwanza kucheza katika NHL, upande wa timu ya Boston. Jicho lake la kuume lilikuwa karibu limekufa, kwa sababu paki ilikuwa imempiga miaka miwili mbele. Aliificha habari hiyo ili wasimkataze kucheza. Mwaka wa 2018 jina lake liliingizwa katika nyumba ya heshima ya hoki. Tunafurahi juu ya ushujaa wake. Lakini wavu wa uso ungaliokoa jicho lile. Leo watoto wa Kanada wanaocheza hoki ya vijana wanalazimishwa kufunika uso mzima.

Kaske ikae kidole kimoja hivi juu ya nyusi. Mtoto atikise kichwa: isicheze. Kamba ya kidevu iache nafasi ya kidole kimoja tu. Tafuta alama ya CSA juu yake. Usitoboe tundu, usipake rangi, na ikipasuka, hata mstari mdogo, usiipeleke kwa fundi. Itupe.

Kwa shingo kuna kinga yake. Tarehe 28 Oktoba 2023, huko Sheffield, Uingereza, mchezaji Mmarekani Adam Johnson alikatwa shingoni na kiatu cha mchezaji mwingine, akafa. Alikuwa na miaka 29. Kisha hapo, shirikisho la hoki la dunia likaamuru kinga ya shingo katika mashindano yake. Kwa watoto wa Kanada ilikuwa amri tangu zamani. Mtoto atasema inamkwaruza. Mjibu kwa upole, lakini avae.

Vikinga vingine ni vya mabega, viwiko, mapaja, tumbo la chini, na miguu. Goti liingie katikati ya kikombe cha kikinga cha mguu, na chini kifike juu ya kiatu. Kusibaki nafasi wazi. Fimbo, mtoto akiwa amevaa viatu vya patini, ifike kidevuni.

FEZA ITOKE WAPI?

Utasema: «Pasta, hii yote ni feza ya nani?» Neno la haki. Kuna jamaa zinazoogopa hata kuuliza bei. Lakini huko si haya kununua vya okazi, ni kusema vilivyokwisha kuvaliwa na wengine. Miguu ya watoto inakomea upesi, kwa hiyo viatu vizuri vinauzishwa bado na nguvu. Tazama tu kama kifundo hakijalegea na kama chuma bado kina urefu wa kunolewa. Vikinga vya mabega na miguu, mkubwa amwachie mdogo. Na usione haya kuuliza antrenere. Timu nyingi zina vyombo vya kuazimisha.

Usitafute bei ndogo kwa kaske tu. Kaske ya okazi ambayo hujui ilianguka mara ngapi, iache.

Mama wa Winnipeg aliuzisha vile viatu vikubwa, akanunua vya okazi vya mguu wa mtoto wake. Vilikuwa bei ndogo kuliko vya kwanza. Anasema mtoto alianguka bado, maana kila mtu anaanguka. Lakini alisimama mwenyewe. Kisha mama akafanya jambo lililokuwa gumu kuliko kununua: alimwomba mtoto samahani kwa yale makaripio.

Kwa hiyo, wewe mwenye ndugu kule, usome makala hii naye kwa telefone. Na sisi tuliobaki huku, tutazame miguu ya watoto wetu asubuhi wakienda shule.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Je, kuna kitu tulichomnunulia mtoto kwa kufikiri mwaka ujao, kinachomwumiza leo?

2. Mtoto akishindwa, tunatazama kwanza vyombo vyake ao tunamkaripia kwanza?

3. Kazini ao katika mchezo, ni kinga gani tunayoiacha kwa sababu ya kuogopa kuchekwa?