Uhuru wa Kusema, na Ukuta wa Mlimani

Leo tuzungumze juu ya uhuru wa kusema vyuoni. Wapo wanaodhani jambo hili ni jepesi: ama kila mtu aseme atakalo, ama mwenye maneno makali anyamazishwe. Mimi naliona gumu, na ushahidi hatuna haja ya kuuagiza ng'ambo. Uko Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Mwaka 1969 wanafunzi wa Mlimani walianzisha jarida, wakaliita Cheche. Ndimo Issa Shivji alimoandika juu ya mapambano ya kitabaka yaliyokuwa yakiendelea kimya kimya nchini. Aliandika kwa jina lake. Waliokerwa walikuwa wakubwa, wenye magazeti na redio za kumjibu. Hata hivyo Novemba 1970 jarida lilipigwa marufuku pamoja na chama cha wanafunzi kilicholitoa.

Baadaye akaja Mzee Punch. Huyu hakuwa mtu. Yalikuwa maandishi na vikatuni vilivyobandikwa ukutani usiku, mwandishi asijulikane. Kwanza Mzee aliwachapa viongozi, na watu wakacheka. Kisha akawageukia wanafunzi wa kike, hasa waliokataa kutongozwa. Aliyeandikwa na Punch alitengwa: atakayeonekana akimsalimia naye ataandikwa. Hebu fikiri, unaingia bwalo la chakula, meza nzima inainuka! Februari 1990 binti mmoja wa mwaka wa kwanza, baada ya kuandamwa hivyo, alijiua. Chama cha wanahabari wanawake, TAMWA, kilipaza sauti, na Punch akapigwa marufuku.

Wapo waliolalamika kwamba uhuru umeuawa. Sikubaliani nao. Binti yule angemjibu nani, ikiwa mwandishi hana jina? Maneno yale hayakutafuta hoja. Yalitafuta kumtoa mtu chuoni. Aliyenyang'anywa uhuru wa kusema ni yeye. Tena miezi miwili tu baadaye, Aprili 1990, wahadhiri walipitisha Azimio la Dar es Salaam juu ya uhuru wa taaluma, wakaweka ndani yake wajibu wa wanataaluma kwa jamii. Nadhani walijua wanalolifanya.

Sisi wa Nyamahanga, huku Ngara na Biharamulo, tulijifunza somo hili kwa njia nyingine. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wanaokadiriwa kuwa 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, waliokimbia vita wakichanganyika na waliotoka kuua. Miongoni mwa waanzilishi wa redio ya RTLM, iliyochochea mauaji yale, alikuwamo Ferdinand Nahimana, mhadhiri wa historia wa chuo kikuu. Mahakama ya Arusha ilimhukumu mwaka 2003. Kwa hiyo usomi peke yake hausafishi ulimi.

Siku hizi ukuta umehamia kwenye simu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 iliweka kifungu cha 23 dhidi ya kumwonea mtu mtandaoni, na kifungu cha 16 dhidi ya taarifa za uongo. Cha kwanza kingemfaa yule binti. Cha pili, kikishikwa na mkubwa aliyekasirika, kingewatosha vijana wa Cheche.